Mji wa Watu 14

Kilichonisimamisha njiani ni mtama. Tulikuwa tumetoka Hays asubuhi, binamu yangu akiendesha, na kwa muda wa saa nzima katika magharibi ya Kansas sikuona ila mabua ya ngano iliyokwisha kuvunwa, ng'ombe weusi waliojikusanya penye maji, na mbingu. Mbingu nyingi. Kisha upande wa kulia likaanza shamba la kijani, nikapiga kelele asimamishe gari. Nikashuka, nikavuka mtaro, nikashika jani. Lilikuwa pana, lina uti mweupe katikati na kingo zinazokwaruza kidole, na juu ya bua suke ndiyo kwanza linachungulia. Mtama. Mfupi kuliko wa kwetu, haukunipita kiuno, maana wameuzalisha uwe hivyo ili mashine iuvune. Lakini ni mtama. Nyanya yangu aliulima Kaloleni, na likizo zangu za utotoni nilizimaliza juu ya dungu, nikiamia ndege kwa kombeo na kelele.

"Huku hawaujui kama chakula," binamu akaniambia. "Wapewa ng'ombe, mwingine wafanywa mafuta ya gari."

Kansas ndiyo inayoongoza kwa kilimo cha mtama Marekani nzima. Asili ya mmea huo ni Afrika, na mbegu zake za mwanzo zilivuka Atlantiki katika zama za biashara ya utumwa. Nilikuwa nakwenda kuonana na watu ambao wazee wao walivuka bahari hiyo hiyo kwa njia hiyo hiyo, na salamu ya kwanza nimepewa na jani.

Mji wenyewe unaitwa Nicodemus, katika kaunti ya Graham, kaskazini mwa mkono wa kusini wa mto Solomon. Sensa ya 2020 ilihesabu hapo watu 14. Ukipita kwenye barabara kuu namba 24 kwa mwendo wa kawaida, ukainama kutafuta chupa ya maji, umeshaupita. Hata hivyo ni katika makao machache sana yaliyoanzishwa na Waafrika-Wamarekani magharibi ya mto Mississippi mara tu baada ya utumwa na ambayo bado yana watu, na tangu 1996 serikali ya Marekani imeutambua kuwa eneo la historia ya taifa.

Neno la Kimarekani taunishipu nililisikia mara nyingi kabla sijalielewa. Kwa wapima ardhi, ni mraba. Mwaka 1785, hata kabla katiba yao haijaandikwa, bunge lao lilipitisha sheria kwamba ardhi ya magharibi ipimwe kwa miraba ya maili sita kwa sita. Kila mraba ugawanywe vipande 36 vya ekari 640, na kipande cha 16 kitengwe kwa ajili ya shule. Walitoka na minyororo yao ya kupimia wakapiga mistari juu ya vilima, juu ya mito, juu ya mapito ya nyati na nchi za Wapawnee na Wacheyenne, wala hapana aliyeulizwa. Mpaka leo barabara za vumbi za Kansas zinakwenda sawasawa kaskazini na kusini, mashariki na magharibi, zikikutana kila baada ya maili. Mimi niliyekulia Mombasa, ambako kichochoro hupinda kwa sababu nyumba ya mtu ilitangulia kuwapo, nilihisi kizunguzungu kidogo. Huku mstari ulitangulia, watu wakaja baadaye.

Taunishipu vilevile ni serikali, ile ya chini kabisa, iliyo chini ya kaunti. Huko Kansas huwa na mwenyekiti, karani na mweka hazina wanaochaguliwa na majirani zao. Mtanzania atakumbuka serikali ya kijiji. Jengo kubwa kuliko yote Nicodemus ni ukumbi wa taunishipu, wa mawe ya chokaa, uliokamilika 1939 kwa mpango wa serikali wa kuwapa watu kazi wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Niliyagusa mawe yake kama nilivyoushika mtama. Yana rangi ya manjano iliyofifia, na ukiyatazama kwa karibu unaona vipande vya kombe za bahari iliyokauka zamani mno. Mji wa Kale wa Mombasa nao umejengwa kwa mawe ya bahari. Sikutegemea kukuta bahari katikati ya bara la Amerika, mbali mno na pwani yoyote.

Lakini nimeutaja ukumbi kabla ya watu, na watu walianza bila jiwe hata moja.

Mwaka 1877 majeshi ya serikali kuu yaliyokuwa yakiwalinda watu weusi huko kusini yaliondolewa. Waliokuwa watumwa miaka 12 tu kabla ya hapo walibaki mikononi mwa wale wale waliokuwa mabwana zao. Mwaka huo huo Mzungu mmoja mpima viwanja, W. R. Hill, alishirikiana na mchungaji W. H. Smith na wenzao weusi wakaanzisha kampuni ya mji. Tangazo lao la tarehe 2 Julai 1877 lilielekezwa kwa raia weusi wote wa Marekani. Ada ilikuwa dola 5. Sheria ya 1862 ilikuwa inampa mtu ekari 160 za ardhi ya serikali, robo ya kile kipande cha ekari 640, mradi aishi hapo na kuilima miaka mitano. Mtu ambaye mwili wake mwenyewe ulipata kuandikwa katika daftari la mali ya mwingine, sasa anaambiwa kuna ardhi itakayoandikwa kwa jina lake. Nimejaribu kufikiri dola 5 hizo zilivyofungwa kwenye kitambaa, nani aliulizwa, nani alikataa, nani alilia.

Septemba hiyo watu wapatao 300 wakafika kutoka Kentucky. Treni iliwaacha Ellis, nao wakatembea siku mbili kwenda kaskazini. Kentucky ni nchi ya miti na chemchemi. Hapa miti ilikuwa ile michache ya kando ya mto. Hakuna mbao za kujengea, hakuna kuni. Walichimba. Walitoboa ubavu wa kilima, wakaezeka kwa matawi na udongo wenye nyasi, wakaacha tundu la moshi. Wairaqw wa Mbulu nao walijua kujenga nyumba iliyozama kilimani, lakini wao walirithi ujuzi wa mababu. Hawa wa Kentucky walijifunza kwa wiki chache huku majira ya baridi yakiwanyemelea. Farasi walikuwa haba, kwa hiyo wengi walivunja ardhi ile kwa majembe ya mkono. Na katika shimo moja la namna hiyo, vuli ya mwaka huo, Emma Williams akajifungua mtoto wa kwanza wa Nicodemus, mvulana, wakamwita Henry.

Willianna Hickman alifika 1878 pamoja na mumewe, mchungaji Daniel Hickman. Wenzake walipoanza kushangilia kwamba Nicodemus ule pale, yeye alitazama huku na huku asione mji. Wanaume wakamwonyesha moshi unaotoka ardhini. Ndipo alipofahamu kwamba watu wanaishi chini, na akalia. Aliyasimulia hayo akiwa mzee, na hakuna mtu niliyekutana naye Nicodemus ambaye hakunisimulia habari za moshi huo, kila mmoja kana kwamba aliuona yeye.

Baridi ya kwanza ilikuwa nusura iwamalize. Wazee wa Nicodemus husimulia kwamba Waosage waliokuwa wakirudi kutoka mawindoni waliwagawia nyama. Waosage wenyewe walikuwa wamekwisha kusukumwa kutoka nchi yao ya Kansas mpaka Oklahoma. Nililisikia jambo hili nikiwa nimesimama katika jua kali la Julai, na sijaacha kulifikiria: aliyenyang'anywa ardhi anamlisha aliyenyang'anywa uhuru, juu ya ardhi ile ile.

Mimi ni mtoto wa Kisauni. Matatu zetu hupita Kengeleni, na utingo huita jina hilo mara elfu kwa siku pasipo mtu kujiuliza ni kengele gani. Ni ya Frere Town, makao yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kiingereza mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa, miaka miwili tu kabla ya Nicodemus. Kengele ilipigwa kuwaonya kwamba wakamataji wanakuja. Wakati Emma Williams akimnyonyesha Henry shimoni, ng'ambo ya kisiwa chetu palikuwa na kina mama Wayao, Wanyasa na Wamakua wakiwanyonyesha wa kwao chini ya minazi, nao wakianza maisha kwa majina mapya. Tofauti kubwa ninayoiona ni karatasi. Frere Town ardhi ilikuwa ya misheni, na aliyekaa hapo alikaa kwa hisani. Nicodemus mtu alipewa hati. Baridi ilimpiga, panzi na ukame vilimpiga, lakini alikuwa na hati, na miaka mitano ikitimia shamba ni lake. Sidhani nakosea nikisema hiyo ndiyo sababu kizazi cha sita bado kinarudi.

Na walijitawala mapema. Edward McCabe, kijana mweusi kutoka New York, alikaa Nicodemus, akawa karani wa kaunti ya Graham, na mwaka 1882 akachaguliwa kuwa mkaguzi wa hesabu za jimbo zima la Kansas. Miaka 17 baada ya utumwa! Katikati ya muongo huo mji ulikuwa na hoteli, makanisa, maduka, shule na magazeti mawili. Kilichokosekana ni reli. Wananchi walipiga kura kutoa dhamana ya dola 16,000 ili kampuni moja ya reli ipitie kwao, mazungumzo yakavunjika. Mwaka 1888 kampuni nyingine ikatandika reli yake kusini ya mto, maili chache tu kutoka hapo, na mji wa Bogue ukaota kando yake. Wafanyabiashara wakahamia huko na maduka yao. Bagamoyo wanaijua hadithi hii. Kwao, Wajerumani walihamishia makao makuu Dar es Salaam, na reli ya kati ilipoanza kujengwa mwaka 1905 ilianzia huko, si kwao.

Baada ya reli ikaja miaka ya vumbi ya 1930. Ardhi iliyolimwa kupita kiasi ilipeperuka, kwa maana nchi hii iko karibu sana na mstari wa longitudo ya 100, ambao magharibi yake mvua haimtoshi mkulima anayetegemea mawingu peke yake. Kufikia 1950 walibaki watu 16. Posta ikafungwa 1953. Hesabu zote zinasema mji ungekufa hapo.

Tuliingia ukumbini Ijumaa, wikiendi ya mwisho ya Julai, na hatukupata pa kuegesha gari.

Kila mwaka, wikiendi hiyo, ukoo wote wa Nicodemus hurudi nyumbani. Wamefanya hivyo tangu 1878. Mwanzoni ilikuwa sherehe ya ukombozi, na cha ajabu siku waliyoiadhimisha si ya Marekani bali tarehe 1 Agosti 1834, Waingereza walipofuta utumwa katika visiwa vya Karibi. Waliisherehekea chini ya miti kando ya mto. Sasa huja kutoka Denver, Topeka, Kansas City na California kwa magari yenye vumbi, wakashuka na majokofu ya barafu na viti vya kukunja na watoto wanaolalamika kwamba simu hazishiki mtandao.

Mlangoni palikuwa na mama mmoja, umri wake kama miaka 80, kofia ya majani kichwani, kalamu mkononi, daftari mbele yake. Nikamwamkia kwa adabu zote. Akanitazama uso, akanitazama tena, kisha akaniuliza mimi ni wa watu gani. Hakuniuliza jina. Alitaka kujua ukoo.

Koo lilinikaba. Ni swali nililoulizwa barazani Lamu na Vanga, na kila wazee wa pwani wanapomwona mtoto wasiyemtambua: wewe mtoto wa nani? Sikuwahi kuulizwa hivyo nje ya Afrika ya Mashariki. Marekani nilikuwa nimezoea kuulizwa nafanya kazi gani. Nikamwambia mimi ni mgeni, natoka Kenya, na watu wangu ni wa Kaloleni na Kisauni. Aliyarudia majina hayo polepole, akayakosea, akayarudia tena mpaka yakakaa. "Basi leo utakuwa wa kwangu," akasema, na akaniandika chini ya jina la familia yake. Binamu naye akaandikwa. Kuanzia dakika hiyo kila aliyetukuta akiuliza, aliambiwa: hawa ni wa mama fulani, na ikatosha.

Yeye amezaliwa hapa, ameishi Denver kwa miaka 50 na zaidi, na shamba la babu yake hakuliuza. Limekodishwa, linalimwa ngano na mtama. Nilimwambia habari za ule mtama wa njiani na dungu la nyanya yangu. Akacheka mpaka akafuta macho, akasema babu yake alikuwa akimtuma yeye na dada zake kufukuza ndege kwa sufuria na mwiko.

Chakula kilipangwa kwenye meza ndefu nje, chini ya turubai. Kuku wa kukaanga, mbavu zilizookwa kwa moshi, saladi ya viazi, mkate wa mahindi wa rangi ya dhahabu uliokatwa miraba, na bakuli la mboga nilizozitambua kabla sijazionja. "Sukuma wiki!" binamu akasema kwa sauti. Ndiyo hasa, jamii ile ile. Kwetu tunaikata nyembamba kama nyuzi, tunaikaanga haraka kwa kitunguu na nyanya ili ibaki na ukijani. Wao huichemsha saa nyingi na kipande cha nyama ya kukaushwa kwa moshi, mpaka iwe laini na nyeusi na mchuzi wake uwe mzito, na mchuzi huo hawaumwagi. Mama alinionyesha: unavunja mkate wa mahindi, unaukandamiza kidogo kwa vidole, unauchovya. Nikamwonyesha mkono unavyoshika tonge na kulitia kishimo kwa dole gumba. Tukatazamana vidole.

Jumamosi palikuwa na gwaride. Farasi walitangulia, wamepandwa na wanaume waliovaa mavazi ya wale askari weusi wa jeshi la farasi wa karne ya 19. Kisha trekta, kisha magari ya kale, kisha familia moja baada ya nyingine, kila familia na fulana za rangi yake. Barabara ya gwaride ilikuwa fupi mno hivi kwamba walipofika mwisho waligeuka wakapita tena, na sisi tukashangilia tena kwa nguvu zile zile. Mtu mmoja kando yangu alinionyesha mashamba ya Veryl Switzer, mtoto wa Nicodemus aliyechaguliwa na Green Bay Packers mwaka 1954 na kucheza mpira wa Kimarekani wa kulipwa, na ambaye aliendelea kulima hapa mpaka uzeeni. Habari za mpira alizipitia haraka. Habari za kulima alizisimulia kirefu.

Jumapili mama alinipeleka kwenye kanisa la kale la Kibaptisti, la mwaka 1907. Mwaka huo kwangu una uzito mwingine: ndio mwaka sheria ilipoufuta utumwa katika pwani ya Kenya. Wajenzi hawa walipokuwa wakipandisha kuta, watu wazima na watoto wao na wajukuu zao wakiwa huru miaka 42, kwetu mtu alikuwa ndiyo kwanza anaambiwa na hakimu kwamba hana bwana. Sikujua nimweleze vipi. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa tarehe, na nikamtajia Frere Town. Akanyamaza kidogo. Halafu akaniuliza kama na sisi huwa tunakutana, hao watu wa Frere Town, siku moja kwa mwaka, wakaja wote.

Nikamwambia sijui. Nikamweleza habari za kengele. Akauliza kama bado inapigwa.

Hilo nalo sikuweza kulijibu, na lilinikaa kifuani njia nzima ya kurudi. Mchana magari yalianza kuondoka, moja baada ya jingine, yakipiga honi mbele ya ukumbi. Jioni tulibaki wachache. Mzee mmoja alikuwa akikunja viti. Upepo ulitoka kusini, upande wa mto, na ukimya ulirudi mahali pake.

Nilipofika Mombasa sikukaa wiki. Nilipanda matatu, na utingo alipoita "Kengeleni!" nikashuka, kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikiwa sina haraka ya kuunganisha gari jingine. Nilivuka barabara katikati ya tuktuk na bodaboda nikasimama chini ya mnara. Nikaweka kiganja juu ya ukuta wake, palipokuwa na joto la jua la mchana kutwa. Kijana aliyekuwa akiuza mihogo karibu hapo aliniangalia kwa muda, mwishowe akashindwa kuvumilia.

"Mama, kwani watafuta nani?"

Nikamuuliza yeye ni mtoto wa nani.